Kutoka Tororo mpaka Zanarkand, usiku kumi na sita

Siku ya 1, Ijumaa

Nimefunga kibanda cha mobile money mapema leo, nikapitia chapati nne na maharage kwa yule mama wa stendi, nikaingia nyumbani na boksi mgongoni. Jamaa yangu amepata kazi Juba akaniachia PlayStation 4 yake mpaka arudi, na diski moja tu ndani, Final Fantasy X, ile waliyoisafisha picha. Gemu yenyewe ni ya 2001, ya PlayStation 2, na nikiwa mtoto nilikuwa naiangalia kupitia dirisha la jirani, padi sikuwahi kuishika. Nimeisubiri miaka ishirini na kitu.

Shida ni kwamba TV ni moja na iko sebuleni, na sebuleni ni kwa shangazi. Nikamwomba, akasema baba cheza tu lakini unieleze, mimi siwezi kukaa naangalia watu wanaongea Kiingereza halafu hakuna anayeniambia wamesema nini. Mpwa wangu wa miaka 12 yuko likizo, naye akavuta mkeka. Basi kazi yangu ikawa mbili, kucheza na kutafsiri kwa sauti.

Gemu inaanza mwishoni. Watu saba wamekaa kuzunguka moto kwenye magofu, silaha zimechomekwa ardhini, hakuna anayeongea, na piano inapigwa taratibu, ule muziki wa Nobuo Uematsu. Kijana mmoja anasimama anasema anataka kusimulia, halafu tunarudishwa nyuma. Shangazi akauliza, "Wamefiwa?" Nikamwambia sijui bado.

Kijana ni Tidus, mchezaji nyota wa mpira wa majini kwenye jiji kubwa linaloitwa Zanarkand, linakuja dude kubwa kama nyangumi mwenye ukubwa wa mlima linabomoa kila kitu, akizinduka yuko dunia nyingine kabisa inaitwa Spira na anaambiwa jiji lake lilikufa miaka 1000 iliyopita. Dude lenyewe jina lake ni Sin, nikatafsiri Dhambi. Shangazi akaitikia kwa kichwa, hakuona ajabu yoyote kwamba Dhambi inatoka baharini inaua watu.

Siku ya 2, Jumamosi

Leo nimecheza kuanzia saa moja jioni mpaka saa sita. Tuko kisiwa cha Besaid na hapa ndipo anapotokea Yuna, binti wa miaka 17. Yeye ni summoner, na hili neno lilinisumbua, nikajaribu mganga, nikajaribu kuhani, mpwa akasema si anaita tu vitu, basi mwite mwitaji. Mwitaji imekaa. Kazi yake ni kwenda kuhiji kwa miguu, hekalu kwa hekalu, kila hekalu anaomba apewe kiumbe wa kumsaidia, na mwisho wa safari anapata uwezo wa kumuua Sin ili watu wapumzike miaka kadhaa. Halafu Sin inarudi. Wanaomsindikiza wanaitwa walinzi. Kiumbe wake wa kwanza ni ndege mkubwa mwekundu anayeshuka kutoka mawinguni, gemu inakuruhusu kumpa jina, mpwa akaandika Korongo, kwa sababu ya yule wa kwenye bendera yetu ya Uganda.

Asubuhi ya kuondoka Yuna anatokea na begi kubwa analikokota mpaka anatoa jasho, Wakka, mmoja wa walinzi, anamwambia huhitaji yote hayo, anajibu si yangu, ni zawadi za mahekalu tutakayopita, Wakka anamwambia hii si likizo. Binti anakubali, analiacha. Wanapanda kilima, anasimama, anageuka anaangalia kijiji kwa muda mrefu.

Shangazi akasema, "Huyu anaaga."

Nikamwambia ndiyo shangazi, si anasafiri. Akanyamaza, lakini akaweka chini sindano na uzi aliokuwa nao.

Baadaye Kilika. Sin imepita pale, kijiji cha nyumba za juu ya maji kimefagiwa chote, majeneza yamepangwa chini ya maji yamefungwa maua, na jua linazama. Yuna anavua viatu anatembea juu ya maji, anacheza na fimbo yake, taratibu, na roho za wafu zinatoka kama vimulimuli zinapanda naye, maji yanamwinua juu na moto wa mienge unageuka buluu. Huko Spira maiti asiposindikizwa hivi anabaki na wivu kwa walio hai, mwisho anageuka jitu. Kwa hiyo kila jitu ninalopigana nalo njiani lilikuwa mtu. Sikuweza kutafsiri na kucheza kwa wakati mmoja, niliweka padi chini. Hakuna aliyeongea pale sebuleni mpaka ikaisha.

Siku ya 3, Jumapili

Baada ya misa na chakula tukaanza mchana, mara moja moja nahudumia wateja wa simu mlangoni.

Luca, jiji la uwanja. Mpira wa majini nimeshindwa vibaya na niseme ukweli haunivutii, ni menyu nyingi na kuogelea kidogo, nimepita. Ila kuna mambo mawili. La kwanza, Tidus anamfundisha Yuna kupiga mluzi wa vidole, anamwambia tukipotezana kwenye watu wengi piga hivi, nitakuja mbio. Mpwa akaanza kujaribu hapohapo. Shangazi akamkatiza, mluzi ndani ya nyumba hapana, na usiku ndiyo kabisa, unaita nyoka.

La pili ni kile kicheko. Kila aliyecheza hii gemu anakijua, Tidus na Yuna wamesimama juu wanacheka kwa nguvu kicheko cha uongo, ha ha ha ha, na watu wengi wanakitaja kama kitu kibovu, kama waigizaji walishindwa. Mimi sikubaliani kabisa. Muktadha wake ni kwamba Tidus amegundua leo Sin ni baba yake mzazi, binti anamwambia jaribu kucheka hata kama hujisikii, wanacheka vibaya makusudi mpaka wanaishia kucheka kweli, halafu binti anasema anataka safari yake ijae vicheko. Ni lazima kisikike vibaya! Na hii ndiyo Final Fantasy ya kwanza watu kuongea kwa sauti, wangeweza kutafuta kitu chepesi wakakataa. Shangazi hakucheka, alisema, "Anafundishwa kucheka kama mtu wa wodini."

Siku ya 4, Jumatatu

Njia ya Mi'ihen. Sasa nimeelewa kwa nini hii gemu inaniingia. Hapa hakuna ramani ya dunia unayoruka juu yake kwa kidole, karibu gemu nzima unatembea, barabara ni moja, inakwenda kaskazini, na kila mtu unayemkuta yuko kwenye barabara hiyohiyo. Unakuta mama na binti yake mdogo, unakuta mwitaji mwingine aliye nyuma yako au mbele yako, baadaye unakutana naye tena na sura yake imebadilika.

Shangazi ndiye aliyelisema vizuri zaidi yangu. Ameenda kuhiji Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda, kwa miguu mara mbili, kutoka hapa Tororo, Bugiri, Iganga, Jinja, mnapita msitu wa Mabira, Mukono, karibu kilomita 200, ili kufika kabla ya tarehe 3 Juni, siku waliyochomwa akina Karoli Lwanga mwaka 1886. Akasema kwenye gari Iganga ni jina tu kwenye kibao, ila ukiwa na miguu Iganga ni yule mama aliyekupa maji ya chumvi uloweke malengelenge, sura yake mpaka leo unaikumbuka. Akaniambia nisikimbie, niongee na kila mtu barabarani. Nimeongea na kila mtu. Imenichukua saa tatu.

Jioni ya kwenye gemu Yuna amekaa nje ya nyumba ya wageni anaangalia jua, peke yake, anaongea na kitu alichoshika mkononi, Tidus akifika anakificha.

Siku ya 5, Jumanne

Fupi, nimechoka, foleni ya malori mpakani Malaba ilikuwa ndefu leo na madereva wote walitaka kutoa pesa.

Askari wa kujitolea wameungana na Al Bhed, watu wanaotumia mashine ambazo dini imekataza, wametega mizinga ufukweni wamngojee Sin. Wakubwa wa dini wanajua itashindikana na wamewaacha tu waende. Ikashindikana. Ufuko mzima maiti. Yuna anawasindikiza tena, na safari hii gemu haikuonyeshi densi ndefu, ni kwa mbali tu. Mpwa ameenda kulala bila kuaga.

Siku ya 6, Jumatano

Mto Moonflow. Unavushwa na mnyama mkubwa kupita tembo, na chini ya maji kuna jiji zima limezama. Shangazi, "Hapo ni Jinja." Hakuna kingine alichokubali.

Nigusie kupigana kidogo, maana mpwa ameanza kunipokonya padi. Ni kwa zamu, na kulia kwa skrini kuna foleni ya sura, unaona nani anafuata, ukitumia pigo zito unarudi nyuma ya foleni. Adui hakupigi wakati unawaza. Una watu saba, watatu wako mbele, unaweza kubadilisha katikati ya pambano, Wakka kwa wanaoruka, Lulu kwa wale wa kuyeyuka wanaotaka uchawi, Auron kwa wenye magamba magumu. Na kukua si levo za kawaida, kuna bao kubwa la duara nyingi unasogea hatua kwa hatua kama bao, mpwa analiita shamba. Kila usiku kabla ya kulala "tunalima".

Al Bhed wana lugha yao, na ukiitega sikio ni Kiingereza kilichobadilishwa herufi. Kuna vitabu 26 vimetawanyika njiani, kila ukiokota kimoja herufi moja inafunguka, sentensi iliyokuwa makelele inaanza kutoboka kidogo kidogo. Sisi wa mpakani tunaijua hii, ndivyo nilivyosikia Kisamia nikiwa mdogo, leo neno moja, kesho mawili, halafu siku moja unashtuka unajua wanakusema wewe.

Siku ya 7, Alhamisi

Uwanda wa Radi. Njia ndefu, giza, radi inapiga kila baada ya sekunde chache, skrini ikiwaka nyeupe unabonyeza kitufe uruke. Ukikwepa mfululizo mara 200 unapata zawadi ya kuimarisha silaha ya Lulu. Nilikuwa nimefika 61.

Na huku Tororo nako mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mwamba tangu alasiri. Radi ya kweli ikapiga, mpwa akaniambia ruka, nikaruka, kumbe ilikuwa ya nje. Shangazi akaja na kanga akafunika kioo cha kabati, akasema zima hiyo kitu na uchomoe. Nikasema nifike kwenye duara la kusevu tu, dakika mbili. Umeme ukaondoka kabla. Tangu Guadosalam sikuwa nimesevu, na kule Guadosalam ndiko watu wanaingia mahali pa wafu wanawaona waliokufa, saa nzima ya mambo mazito, na Auron alikataa kuingia, alikaa nje kwenye ngazi. Nitaipitia tena yote.

Siku ya 8, Ijumaa

Hakuna umeme. Tumekaa gizani, mpwa akamsimulia bibi yake, yaani shangazi, kuanzia mwanzo, kwa Kiswahili, sauti zote kafanya yeye, na nikagundua maneno niliyotafsiri ovyo yeye ameyakumbuka na ameyatengeneza.

Siku ya 9, Jumamosi

Umeme umerudi saa nne asubuhi, nikanunua Yaka, umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi. Nimekaa siku nzima.

Macalania, barafu. Wakka anagundua Rikku, yule binti mchangamfu waliyetembea naye tangu Moonflow, ni Al Bhed. Wakka anawachukia Al Bhed kwa sababu ndugu yake Chappu aliuacha upanga aliompa akashika silaha yao akafa vitani na Sin. Alikuwa anamwita vizuri, sasa hamwangalii. Hii nimeiona mpakani kwa macho yangu, watu wamekula sahani moja miezi, mmoja anaulizwa kabila, kimya.

Halafu mambo yanaharibika, wanatupwa jangwani, wanafika Home, makao ya Al Bhed, yanaungua. Al Bhed walikuwa wanawateka waitaji na kuwafungia. Tidus anauliza kwa nini, nia yenu nini, na Rikku ndiye anayemwambia. Mwitaji akiita kiumbe cha mwisho, Sin inakufa na yeye anakufa. Kila mara. Wote walijua. Wakka alijua, Lulu alijua, Yuna mwenyewe tangu siku ya kwanza. Hakujua Tidus tu, aliyekuwa anamwambia Yuna kila siku tukimaliza tutaenda Zanarkand tukatembee.

Nilishindwa kutafsiri, sauti iligoma. Mpwa ananivuta mkono, anko wamesema nini, anko.

Shangazi akamjibu yeye. "Wamesema binti anaenda kufa." Nikamgeukia, umejuaje, hiyo ni Kiingereza. Akasema amejua tangu kwenye kilima. Anayekwenda na kurudi anaacha maagizo, kuku wafungiwe, nguo zitolewe kwenye kamba, deni la fulani mmkumbushe. Yule aliacha begi zima njiani na hakumwambia mtu amwekee.

Nimecheza saa nzima baada ya pale sijui nimefanya nini.

Siku ya 10 na 11

Bevelle, harusi ya kulazimishwa, kesi ya uongo, kutoroka majini. Kasi sana, na mafumbo ya mahekaluni ya kusukuma mawe sijayapenda hata moja, yanakata pumzi ya hadithi. Lakini baada ya pale kuna ziwa usiku, Tidus anamwambia Yuna acha tu, tuache hija, twende Zanarkand yangu. Binti anacheka, anakubali, anapanga, halafu analia kwa sababu anajua haitawezekana. Shangazi alitoka nje akarudi na maji ya kunywa ambayo hakuna aliyeomba.

Siku ya 12, Jumanne

Nyasi pana, tambarare, hakuna kijiji tena mbele. Tumelima shamba siku nzima maana mlima unatisha. Ugali na mukene, dagaa wetu.

Siku ya 13, Jumatano

Gagazet. Theluji na makaburi ya waitaji waliofia njiani, wengi walifia hapa, hatua chache kabla ya kufika. Seymour, yule aliyetaka kumwoa Yuna kwa nguvu, ananisubiri juu, amekwisha kufa na bado anatembea. Ana ujanja mchafu, anakuchoma mkuki unageuka maiti hai, halafu anakutupia uchawi wa kufufua, na kwa maiti hai dawa ni sumu, unaanguka hapohapo. Ameniua mara nne. Mara ya tano mpwa ndiye aliyesema umtibu mtu kwa maji matakatifu kabla zamu yake haijafika, angalia foleni. Tumempiga saa tano usiku.

Karibu mlima kuisha Yuna anadondosha kitu, Tidus anakiokota. Ni ile rekodi, aliyoificha pale nyumba ya wageni jua likizama. Anamuaga mlinzi mmoja mmoja. Kwa hiyo ile jioni ambayo mimi nilikuwa naongea na kila mtu barabarani nikiwa na furaha, yeye alikuwa anaandaa haya.

Shangazi akasema, "Haya, ndiyo maagizo yenyewe."

Siku ya 14, Alhamisi

Moto, magofu, silaha zimechomekwa ardhini, piano. Tumerudi pale tulipoanzia, mpwa akaruka akapiga kelele ndio wale, ndio wale! Mara ya kwanza niliona watu saba nisiowajua wamekaa kimya. Sasa najua kwa nini kila mmoja amekaa alivyokaa. Sikubonyeza chochote. Niliiacha ipige.

Nimelala saa nane usiku, sikuendelea. Sikutaka kesho yake ifike.

Siku ya 15, Ijumaa

Yunalesca, mwitaji wa kwanza kabisa aliyemshinda Sin, ndiye anayetoa kiumbe cha mwisho. Na ukweli ni huu, kiumbe hicho kinatengenezwa kwa mlinzi mmoja, mtu unayempenda anageuzwa, anamuua Sin, halafu yeye ndiye anageuka Sin mpya. Miaka 1000 hija nzima ilikuwa inazunguka tu. Yuna anauliza yatakwisha lini, anaambiwa hayaishi, tumaini la uongo ni bora kuliko kukosa. Akakataa. Binti wa miaka 17, amelelewa ndani ya hiyo dini, baba yake alikufa kwa hiyo dini, akasema hapana.

Pambano limenichukua mara sita. Anakugeuza maiti hai, wewe kwa akili yako unajitibu haraka, kumbe pigo lake la mwisho linaua wote walio wazima, maiti hai tu ndio wanaopona. Na kila ukifa unaanza na mazungumzo marefu ambayo huwezi kuyaruka. Mara ya sita nilikuwa nayasema kwa Kiswahili kwa moyo, mpwa ananifuatisha.

Siku ya 16, Jumamosi

Saa ya gemu inasoma masaa 52 ya kucheza.

Baba yake Tidus yuko ndani ya Sin, tumempiga, akamfia mwanae mikononi. Halafu kitu ambacho sikukitegemea, inabidi uwaite viumbe wako wote mmoja mmoja na uwaue, kwa sababu adui anaingia ndani yao. Wakati huo huwezi kushindwa, gemu inakufufua kila ukianguka, yaani haikupi hata nafasi ya kujitetea kwamba ni vita. Korongo alikuja wa kwanza. Mpwa alikataa kushika padi, akaangalia ukutani.

Na Tidus alikuwa ndoto. Zanarkand yake ilikuwa ndoto ya wafu walioomba jiji lao lisisahaulike, wafu wakiacha kuota yeye hayupo. Yuna anamkimbilia kumkumbatia anampita katikati, anaanguka kwenye sakafu ya meli ya angani. Jina la Tidus ulilipa wewe mchezaji mwanzoni, kwa hiyo kwenye sauti zote za gemu nzima hakuna aliyewahi kulitamka, na hata pale hawezi kumwita kwa jina.

Picha ya mwisho kabla ya hotuba ya Yuna, Luca, gatini, yuko peke yake anaangalia bahari. Anaweka vidole mdomoni, anapiga mluzi. Anasubiri. Anapiga tena.

"Si alisema atakuja mbio?" shangazi akauliza. Sikuwa na la kutafsiri.

Nimezima saa tano na nusu. Nikiwa nakunja waya nikasikia mpwa uani, amesimama karibu na kamba ya nguo, anajaribu kwa vidole viwili kama alivyofundishwa, mara ya kwanza ikatoka hewa tupu, mara ya pili ikatoka, nyembamba, ikafika mpaka kwa majirani. Shangazi alikuwa dirishani. Hakumkataza.